Vidonge Vyekundu vya Lameki

Kahororo, Bukoba
3 Aprili 1989

Kaka Buberwa,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Mwanangu mkubwa ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anamchekea kila mtu njiani ili pengo lionekane. Mvua inanyesha kila siku. Nimesikia kwamba huko Kamachumu upepo umeangusha migomba miwili nyuma ya nyumba yako. Pole, ingawa nakujua, utasema ni mitatu. Mwambie mkeo maharage yake tumeyamaliza na sufuria inarudi na Mushumbusi, yule kondakta.

Sasa la maana. Mdogo wetu Lameki anarudi huko kesho. Amekaa kwangu siku tisa na daktari amemaliza kumpima. Ni kifua kikuu. Makohozi yamesema hivyo mara tatu. Daktari alitaka alale wodini miezi miwili, Lameki akakataa katakata. Anasema akilazwa pale kijiji kizima kitasema ni Juliana, ule ugonjwa wa kukonda, na Anatolia mkewe atanyoshewa vidole kisimani. Nimembembeleza daktari mpaka amekubali anywe dawa nyumbani, kwa sharti moja: awepo mtu mzima mwenye akili wa kumwona akimeza kila siku. Nimeandika jina lako. Usinicheke, sikuwa na mwingine.

Vidonge ni vinne kwa siku, viwili vyekundu na viwili vyeupe. Anywe alfajiri kabla hajala, maana kidonge chekundu kikikuta ndizi tumboni hakiingii vizuri kwenye damu. Kikishaingia kinazunguka mwili mzima, mapafu, mifupa, hata mate. Kisha ini linakikamata na kukivunjavunja, sehemu inamwagwa tumboni pamoja na nyongo, na sehemu figo zinaitoa kwa mkojo. Kesho yake karibu chote kimeshatoka, ndiyo sababu anakunywa tena. Dawa hii ni mgeni asiyelala siku mbili.

Usishtuke ukiona mkojo mwekundu kama chai ya rangi iliyokolea. Si damu, ni dawa inatoka. Hata jasho na machozi hupata rangi hiyo, na maziwa ya mama anayenyonyesha. Kwako huo ndio ushahidi. Mkojo ukiwa mwekundu, dawa imepita mwilini. Ukiwa mweupe, hakumeza. Binadamu atakudanganya, mkojo hautakudanganya.

Na hili nimemwambia Lameki pale stendi tulipokwenda kukata tiketi, nakwambia na wewe. Hii ni dozi ya mwisho tuliyokuwa nayo hapa kwenye dirisha letu la dawa hospitalini. Orodha ya wagonjwa wapya imefungwa mpaka Agosti. Hata mwanangu mwenyewe angeugua leo nisingekuwa na kidonge cha kumpa. Kwa hiyo kisipotee hata kimoja.

Nitakuwa natuma vya wiki mbili mbili kwa Mushumbusi.

Mdogo wako,
Kokwijuka


Kamachumu, Muleba
14 Aprili 1989

Mdogo wangu Kokwijuka,

Marahaba. Migomba iliyoanguka ni minne. Sufuria imefika, mfuniko haujafika. Mke wangu anakusalimu na anauliza mfuniko.

Gamaliel wa Lameki sasa anakaa bila kushikwa. Miezi minane tu na tayari ana kiburi cha babu yake, hataki kubebwa na mwanamume. Senene wameanguka wachache wiki hii, Lameki alionja watatu akasema wanatosha. Zamani angemaliza kikaango.

Kazi uliyonipa naifanya. Alfajiri navuka migomba mpaka kwake na kusimama sebuleni. Chumbani siingii. Ni chumba cha mke wa mdogo wangu, na ugonjwa haubadilishi hilo. Lameki anatoka amejifunga blanketi, anavipokea vidonge kutoka kiganjani mwangu, anakunywa maji, nasema Amina, naenda shambani. Saa sita narudi. Anatolia ananitolea kopo mpaka mlangoni, limefunikwa kwa jani la mgomba. Nafunua naangalia. Mwekundu. Nimekuwa nikiandika nyuma ya kalenda ya kanisa, kila siku neno hilo hilo. Mchungaji aliiona akadhani nahesabu jogoo.

Juzi jasho lilimtoka pale pale sebuleni mpaka shati likaloa. Nilimfuta uso kwa leso yangu ya kipaimara, ile nyeupe aliyoidarizi marehemu mama. Nilipomshika kichwa niliona kilivyokuwa chepesi, nikageuka nikajifanya naangalia mvua. Huyu ndiye aliyekuwa akibeba magunia mawili ya dagaa kutoka kwenye boti za Goziba, moja kila bega.

Anatolia naye anakohoa siku hizi. Ni moshi wa kuni mbichi. Nimempasulia kuni kavu.

Nikuulize jambo. Huyo daktari hakusema kitu kingine? Nikimuuliza Lameki anaangalia nje.

Kaka yako,
Buberwa


Kahororo, Bukoba
22 Aprili 1989

Kaka,

Shikamoo. Mfuniko huu hapa, umefungwa na gazeti pamoja na sukari nusu kilo ya Gamaliel. Mama yake asiitie kwenye chai ya wageni.

Nimeisoma barua yako mbele ya daktari nikiwa na furaha kama mwanafunzi aliyefaulu. Amesema umeifanya kazi vizuri kuliko wauguzi wetu. Endelea hivyo hivyo bila kuruka siku. Ini nalo ni janja, likishaizoea dawa linaivunja upesi zaidi kuliko wiki ya kwanza. Akiruka siku moja damu inabaki haina kitu, na vidudu vilivyobaki vinapata nafasi ya kujifunza. Vikijifunza, dawa ile ile haitavisumbua tena.

Uliuliza daktari alisema nini kingine. Alisema apumzike na ale vizuri.

Jana nilikuwa nawaza vita vya mwaka sabini na nane, tulipoyakimbia mabomu kutoka Bakoba kwenda kwa shangazi. Mimi nilikuwa na homa, wewe ulinibeba mgongoni, na Lameki alikuwa na miaka kumi na mitatu anatembea mbele akipiga mluzi. Kulikuwa na kiazi kitamu kimoja, ukakigawa vipande vitatu. Lameki alitafuna kwa kelele akajipiga tumbo, akasema ameshiba. Tulipovuka kilima akanijia nyuma yako, akakitoa kile kipande shavuni kimelowa mate, akanitia mdomoni. Alikuwa anatafuna hewa muda wote ule. Sikuwahi kukwambia, ungempiga.

Basi nakuomba, kwa mchezo tu, mwambie afungue mdomo baada ya kumeza. Wodini tunawafanyia hivyo hata wazee.

Kokwijuka


Kamachumu, Muleba
8 Mei 1989

Mdogo wangu,

Salamu zako nimezipata zimechelewa. Basi la Mushumbusi lilikwama kwenye tope siku tatu, kisha barua ikakaa kwenye koti lake wiki nzima, anasema alisahau kwa sababu ya malaria. Sukari ilifika ikiwa imeganda kama jiwe. Tumeipasua kwa nyundo.

Kuhusu mdomo. Lameki ni mwanamume mwenye mke na mtoto. Simfungui mdomo kama mbuzi wa mnadani. Namwona akimeza, koo linapanda na kushuka. Inatosha.

Mkojo ni mwekundu. Sijakosa siku. Lakini Kokwijuka, mtu mwenyewe anakwisha. Wiki ya kwanza nilifikiri ni dawa inapigana na ugonjwa. Hii ni wiki ya tano. Mbavu zake unaweza kuzihesabu juu ya blanketi. Anakohoa mpaka anashika ukuta. Amekuwa mwema mno, jambo linalonitisha. Jana aliniomba radhi kwa ajili ya baiskeli yangu aliyoivunja mwaka themanini.

Na mkewe ananenepa. Kikohozi kimeisha, mashavu yamerudi, anachota maji huku anaimba kidogo. Shangazi ameliona, na akiliona shangazi limeonwa na Kamachumu yote. Alisema mbele yangu, "Waitu, mke gani huyu ananenepa mume akikauka? Chakula cha mgonjwa kinaingia tumbo la nani?" Nilimkemea. Lakini nilipokuwa natembea kurudi nyumbani nilijikuta namuuliza Mungu swali hilo hilo.

Unieleze. Dawa inaingia, dawa inatoka, nimeiona kwa macho yangu. Katikati inafanya nini?

Nakuuliza tena alilosema daktari.

Buberwa


Kahororo, Bukoba
12 Mei 1989

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima, sina habari nyingine.

Nimeikalisha akili yangu juu ya swali lako na silipatii jibu. Kama mkojo ni mwekundu, dawa ilifika kwenye damu, hakuna njia nyingine ya kufika kule. Na ikifika kwenye damu imefika mapafuni. Je, anakunywa rubisi kwa siri? Pombe na dawa hii vinagombana kwenye ini. Je, macho yake ni ya njano? Anatapika ukishaondoka? Shangazi amemletea mizizi ya kuchemsha? Jibu kila moja, usiseme tu "hapana" kwa zote.

Natuma na Mushumbusi vidonge vya wiki mbili za mwisho, mpaka tarehe 30.

Jumamosi ya tarehe 20 nakuja mwenyewe. Nitakwambia pia yale ya daktari, kwa mdomo.

Kokwijuka


Kamachumu, Muleba
18 Mei 1989

Kokwijuka,

Nampa Mushumbusi barua hii na nimemwapisha akukabidhi mkononi leo leo. Usisubiri Jumamosi.

Lameki amefariki leo saa nne asubuhi. Tangu Jumapili alikuwa hawezi kukaa, kwa hiyo mfuko wa vidonge nilimwachia Anatolia amnyweshe kitandani. Leo hakuweza kumeza hata maji. Mimi nilikuwa sebuleni. Aliniita niingie chumbani na sikuingia mara ya kwanza. Aliponiita mara ya pili niliingia. Alinishika kidole.

Tunazika kesho mchana.

Sikuona njano machoni wala kutapika. Rubisi hakugusa, mizizi hakupewa. Mkojo ulikuwa mwekundu mpaka jana, siku arobaini na tatu. Nakuandikia ujue kwamba kazi yako niliifanya.

Kaka yako


Kahororo, Bukoba
24 Mei 1989

Kaka Buberwa,

Shikamoo. Nilifika jana salama. Nisamehe, salamu zangu zinaishia hapo.

Siku ya maziko nilivaa blauzi nyeupe, ile ya kitambaa cha dukani kwa Prabhudas. Mlipokuwa mnamshusha Lameki, Anatolia aliniangukia begani akalia mpaka mchungaji alipomaliza. Jioni niliivua nikaikunja ndani ya mkoba. Jana nimeitoa nifue. Begani kuna madoa mawili ya rangi ya chungwa, ukubwa wa kucha ya dole gumba. Nilidhani ni udongo wa kaburi, lakini udongo wetu unatoka kwa maji. Nilitia sabuni mara mbili. Nikaipeleka mlangoni kwenye mwanga, nikajua. Kaka, mimi nahesabu vidonge hivyo kila siku ya kazi, vidole vyangu vina rangi hiyo mpaka Jumapili kanisani.

Machozi ya Anatolia yalikuwa na dawa. Na dawa ile haikai, nilikwambia. Alimeza asubuhi ya siku ile tuliyomzika mumewe.

Nilimchukia, sikufichi. Nilikaa sakafuni na blauzi mapajani, nikasema shangazi alikuwa na haki, huyu amemla ndugu yetu akiwa hai. Halafu nikazichukua barua zako. Ile ya tarehe 14 Aprili unasema ulimfuta Lameki jasho kwa leso nyeupe ya mama. Hukuandika neno juu ya rangi. Wewe unayenisahihisha idadi ya migomba, leso ya mama ingepata doa ungeandika ukurasa mzima. Leso ilibaki nyeupe. Mwili wa Lameki haukuwa na dawa, tangu mwezi wa nne haukuwa nayo. Kopo alikutolea nani? Mkojo haukudanganya. Sisi hatukuuliza ni wa nani.

Ndipo nikakumbuka kiazi. Aliviweka shavuni, kaka. Ukienda shambani alivitoa akampa mkewe aliyekuwa akikohoa, na wewe ulimpasulia kuni kavu.

Sasa niseme niliyoyaficha. Daktari alimpima damu pia. Alikuwa na ule ugonjwa wa kukonda. Lameki nilimwambia pale stendi ya basi, kwa sababu aliniuliza akinitazama, na wewe sikukwambia kwa sababu hukuwa mbele yangu. Akaniuliza, "Hivi vidonge vikimaliza kifua, na lile lingine?" Nikamwambia lile lingine havigusi. Akacheka akaniomba nimnunulie karanga.

Na la pili ndilo linaloniua. Haikuwa dozi ya mwisho. Kabatini zilikuwa dozi nyingine nne, na mbili ziko mpaka leo. Tunawaambia wagonjwa hivyo wasichezee dawa. Nimewaambia watu wengi maneno hayo na yamewasaidia. Lameki aliyaamini. Alidhani kidonge ni kimoja na wagonjwa ni wawili, akagawa. Angesema neno moja tu Anatolia angepata vyake na yeye vyake. Nilimfungia mlango kwa mdomo wangu mwenyewe, kisha nikampa karanga.

Sikiliza sasa. Baada ya maziko ule mfuko wa vidonge uliuchukua ukaufungia sandukuni, ulisema mali ya hospitali lazima irudi. Siku ya tatu shangazi na wenzake wakamfukuza Anatolia na mtoto, wakarudi kwao Izigo. Tangu hapo hana dawa. Amekunywa wiki sita, na wiki sita hazitoshi. Kila siku inayopita vidudu vilivyobaki vinaamka. Mpelekee. Akikohoa tena Lameki atakuwa amekufa bure.

Kokwijuka


Kamachumu, Muleba
29 Mei 1989

Kokwijuka,

Barua nimeisoma mara moja, sitairudia.

Unaniambia kwamba siku arobaini na tatu nilikuwa nafunua kopo la mke wa mdogo wangu, naangalia, na kumshukuru Mungu. Mimi mzee wa kanisa. Na yeye alisimama pale mlangoni akinitazama nikifanya hivyo. Unajua hilo ni jambo gani kwetu, hata kama umesoma.

Wewe na Lameki mliujua ule ugonjwa wawili tu, mkaniacha mimi nasema Amina.

Sitakwenda Izigo.

Buberwa


Kahororo, Bukoba
1 Juni 1989

Kaka yangu,

Shikamoo. Una haki, na hasira yako yote ielekeze kwangu. Usimpelekee yeye hata kidogo.

Nimeandika jina la Anatolia kwenye kitabu, na daktari amenitilia saini baada ya kunisema mpaka nikalia. Mushumbusi anakuletea vidonge vya mwezi mzima. Akimaliza vyekundu atakuwa na vyeupe vitupu vya miezi sita, ambavyo havina rangi yoyote vikitoka. Wakati huo kopo halitasema kitu, wala machozi.

Siwezi kuja, likizo yangu niliimaliza kwenye msiba na dirisha la dawa liko na mimi peke yangu. Kama huendi, mpe yeyote aende. Lakini Lameki alimwamini mtu mmoja tu kuja kila alfajiri, na ndiyo maana mpango wake uliwezekana. Alijua hutakosa hata siku moja.

Kokwijuka


Kamachumu, Muleba
14 Juni 1989

Mdogo wangu Kokwijuka,

Marahaba ya barua mbili zilizopita, shikamoo ya ile ya kwanza sikuiitikia. Huku mvua zimekatika. Mke wangu anaumwa jino. Ng'ombe wa jirani aliingia kibanjani akala maboga, tumepatana. Shangazi hasemi na mimi, na nyumba imekuwa na utulivu mzuri.

Nilikwenda. Tarehe 5, kwa baiskeli, nikafika Izigo jua linachomoza. Anatolia alikuwa uani anatwanga. Aliponiona aliweka mchi chini, akapiga magoti akainamisha kichwa, nadhani alifikiri nimefuata mtoto. Nilimwambia nimeleta vidonge. Hapo akakaa chini kabisa.

Alinieleza mbele ya mama yake. Alipokataa mara ya kwanza Lameki alimwambia, "Mimi nikipona kifua bado nina lingine. Wewe ukipona, Gamaliel ana mama. Ukikataa navitema kwenye majivu." Na cha kwanza alikitema kweli, mbele yake, ndipo akakubali. Anasema, "Waitu shemeji, nilivimeza vikiwa na joto la mdomo wake." Lameki alimwapisha asiruke siku, hata ya kumzika. Kisha Anatolia akaniomba radhi kwa ajili ya kopo. Nilimwambia tusilitaje tena, na hatujalitaja.

Hakuniuliza kama kweli ilikuwa dozi ya mwisho, nami sikumwambia. Uje umwambie mwenyewe, au tunyamaze sote mpaka tutakapokufa. Nimeomba juu ya hilo njiani kila alfajiri.

Nilimpa vinne kiganjani. Alimeza. Kisha nikafanya lile nililokataa kumfanyia mdogo wangu. Nilimwambia afungue mdomo. Niliona aibu, naye aliona aibu, mama yake aliangalia pembeni. Akafungua. Hakukuwa na kitu. Kokwijuka, kama ningesema neno hilo uliponiandikia. Natembea nalo shambani, nalala nalo. Usiniandikie kwamba si kosa langu.

Nimekwenda kila alfajiri, leo ni siku ya kumi. Mteremko wa kwenda ni rahisi, kupanda kurudi ndiko kunakonizeesha. Gamaliel ameanza kukubali kubebwa na mwanamume.

Jana niliamua kukaa mpaka mchana. Nilikuwa nimebeba ile kalenda ya kanisa, nikampa aone nyuma yake. Hakujua kwamba nilikuwa naandika. Alisoma neno lile siku baada ya siku kwa kidole, mwekundu, mwekundu, mpaka arobaini na tatu, na zile ndizo siku za mwisho za mumewe zote zimeandikwa pale kwa mkono wangu. Alilia. Mimi nililia pia, nakwambia wewe tu. Kopo siwezi kuliangalia tena maisha yangu yote. Lakini nilikuwa na leso ya mama mfukoni, nikampa.

Umesema vidonge vya baadaye havina rangi. Basi wakati huo tutamwamini tu, kama watu wanavyofanya.

Leso iko humu ndani ya bahasha. Usiifue.

Kaka yako,
Buberwa